Msimu Niliohesabu Ngazi Nisizoziona

Enzi zetu mvua haikutangazwa kwenye simu. Ilitangazwa na Kaaka, ndivyo tulivyomwita bibi yangu mzaa baba, akiwa amesimama mlangoni alfajiri, shuka begani, kichwa kakiinamisha upande kama kuku aliyehisi mwewe. Akisema "bado", kilima kizima kinaendelea kupumzisha majembe. Akisema "yamesema", ikifika saa mbili asubuhi humkuti mtu njiani. Wote wameinama kwenye vibanja vyao, katikati ya migomba, wanapanda maharage. Nyinyi wenzangu mliokulia huku upande wa Kituntu mnanielewa. Hawa watoto wetu tuwaache waendelee kuamini kwamba maharage huota dukani, ndani ya mifuko ya kilo moja moja.

Yaliyokuwa yanasema ni maporomoko. Sisi tuliyaita Nyamaizi, na yalikuwa nyuma ya kilima cha pili, mwendo wa saa moja kwa mtu mzima na saa mbili kwa mtoto, kwa sababu mtoto ana shughuli nyingi njiani. Kwetu kulikuwa na vilima vitatu. Nimevihesabu tena kichwani sasa hivi kabla ya kuandika. Ni vitatu.

Mvua za vuli zilipoanza, mwezi wa tisa ukielekea ukingoni, sisi watoto tulikuwa matajiri. Mwavuli ulikatwa shambani, jani moja la mgomba kwa mtoto mmoja, mawili kama mvua ni ya mawe. Tulifika shuleni miguu imevaa viatu vya udongo mwekundu, kila kimoja na uzito wake, na mwalimu wa zamu anatusimamisha mlangoni tuvivue kwa kijiti. Kurudi nyumbani hatukutembea. Tulitafuta ganda la mgomba lililolowa, unalikalia, unashika ncha ya mbele, na kilima kinamaliza kazi iliyobaki. Breki zilikuwa visigino. Mama yangu alikuwa akiuliza, "Sketi hii nimeishona mara ngapi?" Nikijibu mara sita, nachapwa kwa kujua hesabu. Nikijibu sijui, nachapwa kwa kutojua. Niligundua mapema kwamba kuna maswali ambayo hayataki jibu, yanataka umbali.

Ukifika nyumbani umelowa, unakuta chungu kimefunikwa kwa majani ya mgomba, ndani matoke na maharage vimepikwa pamoja hadi huwezi kujua nani kaanza kumfuata mwenzake. Moshi wa kuni mbichi unauma macho, paa linapigwa na mvua, na mtoto mdogo kuliko wote anapewa ukoko. Watoto wa leo ukiwapa ukoko wanauliza kama umeungua. Ndiyo umeungua! Ndio utamu wenyewe.

Sasa Nyamaizi. Wakati wa kiangazi yalikuwa aibu tupu, uzi wa maji unaotambaa pembeni mwa mwamba. Mwamba wenyewe umekatika ngazi ngazi, jumla tisa, kila moja mbuzi angeweza kulala juu yake na kujinyoosha. Mvua zikishika, dimbwi la chini linajaa na ngazi zinamezwa kuanzia ya chini, moja baada ya nyingine. Masika yakikolea huoni hata moja, ni maji meupe tu yanaanguka kwa hasira, na manyunyu yake yanakulowesha ungali mbali. Unarudi nyumbani nguo zimeshikana na ngozi hata kama siku hiyo halikuwapo wingu.

Na kabla ya kusogea karibu lazima uamkie. Ndiyo, uyaamkie maporomoko. "Yamekuzidi umri," Kaaka alikuwa akisema, "na mimi yamenizidi." Basi tunajipanga ukingoni, tunavuta pumzi, tunapaza sauti kwa pamoja: "Shikamoo!" Binamu yangu Deo, mtoto wa baba mdogo, alikuwa kila mara anasubiri marahaba. Tulimwambia imejibiwa ila kelele za maji zimeimeza. Aliamini mpaka darasa la tano.

Kaaka hakuwa mchawi wala nabii, na angekuchapa ungemwita hivyo, maana alikuwa Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele. Alikuwa na kitu kimoja alichokipima mwenyewe ujanani, siku alipokuwa bado na magoti. Siku ambayo ngazi za Nyamaizi zinazoonekana zimebaki nne, mngurumo wake unavuka kilima na kufika mlangoni kwake alfajiri kabla ndege hawajaanza. Na siku hiyo udongo umekunywa vya kutosha, mbegu ukiitia haitadanganywa na jua. Zikibaki sita, hiyo ni mvua ya kuonjesha. Inanyesha siku tatu, unapanda, halafu inaondoka kama mgeni aliyemaliza chakula. Watu walikuwa wamewahi kupoteza mbegu kwa mvua ya namna hiyo, ndiyo maana walimsubiri Kaaka. Wakatoliki walimsubiri na Walutheri walimsubiri. Katika jambo hilo dhehebu lilikuwa moja.

Nilikuwa darasa la tatu nilipogundua kwamba Kaaka hasikii.

Niligundua kwa sababu ya wizi, sitaki kujisafisha. Alikuwa na chungu cha karanga za kukaanga nyuma ya kigoda chake, na karanga haibanguliwi kwa siri. Inalia. Siku hiyo nilibangua ya kwanza nikasubiri kofi. Kimya. Nikabangua ya pili. Nilipofika ya ishirini na mbili, jogoo alipanda juu ya kinu, hatua moja tu kutoka sikioni mwake, akawika kwa nguvu zote alizojaliwa. Kaaka aliendelea kuchambua mbegu zake bila hata kope kutikisika. Hapo nikairudisha chunguni karanga iliyokuwa mkononi.

Msiulize kwa nini hakuna aliyejua. Alikuwa anaongea mfululizo, na mtu anayeongea peke yake hana haja ya kusikia. Ukifungua mdomo, anaitazama midomo yako kama anayesoma barua, anashika neno moja, anaendelea nalo mwenyewe mpaka unaaga. Wageni walikuwa wakiondoka wanasema, "Kaaka bado yuko imara."

Aligeuka, akaona maganda. Macho yalikuwa mazima.

"Umekula ngapi?"

Nikamwonyesha vidole kumi.

Akayakusanya maganda, akayahesabu. "Hizi kumi zako zina watoto," akasema. Halafu akanitazama usoni kwa muda, akamtazama jogoo aliyekuwa bado juu ya kinu, akaelewa nilichoelewa. Akajigusa sikio. "Nani mwingine anajua?"

Nikatikisa kichwa. Hakuna.

"Na hatajua. Mtu mzima akikosa magoti anapewa fimbo, mjukuu wangu. Akikosa masikio anapewa kona."

Sikuielewa siku hiyo. Niliielewa baadaye, nilipowaona wazee wa nyumba nyingine wamekalishwa konani, wanaletewa sahani, hakuna anayewauliza lolote zaidi ya kama wameshiba. Kaaka alikuwa anaulizwa tupande lini. Hicho ndicho alichokuwa hataki kukipoteza, na mimi, mwizi wa karanga, ndiye niliyekishika mkononi.

Mpango alikuwa nao tayari. Mvua zikianza, mimi niende Nyamaizi, nihesabu ngazi zilizobaki, nirudi nimwonyeshe kwa vidole. Alfajiri inayofuata atasimama mlangoni, atainamisha kichwa, atasema kilichopo vidoleni.

"Konzi moja ya karanga kila safari," akasema.

Nikamshika mkono nikamwonyesha: vidole vyake vilipinda kwa baridi yabisi, karanga zingevuja zote. Nikamwonyesha konzi tatu.

"Tatu! Unakwenda kuhesabu au kuoa?"

Nikashuka hadi mbili, lakini na ya Deo juu, kwa sababu njia ile ina kichaka na sikukubali kukipita peke yangu.

"Huyo Deo ataropoka."

Nikamtamkia polepole: Deo haambiwi kitu. Anaambiwa tunakwenda kucheza.

Akacheka, akanipigia kigoda kwa kiganja, tukawa tumekubaliana. Tangu siku hiyo nimepatana bei na Waganda, na Wanyarwanda, na wenyeji wa Murongo pale mpakani ambao wakikuuzia kuku unahesabu miguu. Hakuna aliyenitoa jasho kama yule bibi asiyesikia.

Misimu miwili tulifanya kazi safi. Vuli nilirudi mara tatu na vidole sita, sita, tano, kisha safari ya nne vidole vinne, na alfajiri Kaaka akasema "yamesema", na maharage yakaja mengi mpaka mama akalalamika hana pa kuyaanikia. Masika vivyo hivyo. Kaaka alianza hata kuongeza mbwembwe. Atainamisha kichwa, atanyamaza, atainua kidole kama anayemtuliza mtu, na majirani waliokuwa wanapita kwenda kisimani wanasimama na ndoo zao wasivuruge. Mimi niko nyuma ya mlango natafuna ujira wangu.

Msimu wa tatu ndio ninaotaka kuuzungumzia.

Mwaka ule jirani yetu Mama Odeta alikuwa amepata kipande chake cha ardhi kwa mara ya kwanza. Familia yake ilitoka Rwanda zamani, na miaka yote alikuwa kibarua kwenye vibanja vya watu, cha kwetu kikiwamo. Alilima huku akiimba, akapalilia huku akisema watu, na jioni analipwa ndizi au kikombe cha maharage. Vikombe hivyo hakuvipika vyote. Alikuwa akivitunza kimoja kimoja kwenye debe, amechanganya na majivu wadudu wasiingie, mpaka debe likajaa. Mbegu zake zote za kuanzia maisha zilikuwa ndani ya debe lile. Sisi watoto tulilijua, kwa sababu alikuwa akitupitisha tulione, kama watu wengine wanavyokuonyesha picha ya harusi.

Mvua ikaanza, ikanyesha siku tatu. Siku ya nne jua likatoka, dunia inafuka mvuke, na Kaaka akanigusa bega. Mimi na Deo tukaondoka baada ya chakula cha mchana.

Hatukuvuka hata kilima cha kwanza vizuri. Chini ya mteremko kulikuwa na kichuguu, na kichuguu kilikuwa kinachemka. Kumbikumbi! Walikuwa wanatoka kama moshi wenye mabawa, wanaruka wanaanguka, wanajaa kwenye nyasi, wanaingia mpaka masikioni. Deo alipiga ukelele ambao hajawahi kuupiga hata kanisani. Tukakata majani ya mgomba, tukafunika matundu, tukaacha moja, tukakaa pale. Mnajua wenyewe utamu wa kumbikumbi mbichi, yule wa kwanza anayekutekenya ulimi. Tulikula mpaka matumbo yakasimama, halafu tukavua mashati ya ndani tukafunga wengine wa kupeleka nyumbani. Nilipoinua kichwa, jua lilikuwa limeshagusa kilima cha tatu.

"Twende tukacheze sasa," Deo akasema.

"Tumeshacheza," nikamwambia.

Nikakaa juu ya kichuguu nikapiga mahesabu. Mvua siku tatu. Mwaka jana mvua zilipoendelea, ngazi zilibaki nne. Hizi zilikuwa kubwa, nilizisikia paani. Basi ni nne. Nilijieleza vizuri sana, na mtu akijieleza vizuri sana mwenyewe kwa mwenyewe ajue kuna anayeibiwa.

Kaaka alikuwa kwenye kigoda chake. Nilisimama mbele yake nikainua vidole vinne. Nilijiambia kwamba nimedanganya kwa mkono tu, mdomo haukuhusika, na padre hawezi kuuliza habari za mkono.

"Umehesabu mara mbili?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Alinitazama. Akanyoosha mkono akanipangusa kitu kwenye sweta, akapangusa tena, akabaki ameshika kile kitambaa kati ya vidole vyake kama anayechagua nguo mnadani. Nikafikiri anatafuta tundu la kushona. "Sawa," akasema.

Alfajiri akasimama mlangoni. Safari hii hakuweka mbwembwe. "Yamesema," akasema, na kabla jua halijapanda, kilima kilikuwa kimejaa migongo.

Mama Odeta ndiye peke yake aliyekuja kuuliza. Alisimama uwanjani, debe kichwani, mguu mmoja tayari umeelekea shambani kwake. "Shikamoo, mama. Nisamehe, ni mara yangu ya kwanza. Nipande zote, au nibakize?"

Kaaka aligeuka. Alinitazama mimi. Wenzangu, nafasi ya kusema ukweli huwa haipigi hodi mara nyingi, na ile ilikuja imekaa kabisa na kuvuta kiti. Mimi nikamtazama kuku aliyekuwa anaparua kando ya kinu. Nilimtazama kuku yule kwa bidii mpaka leo naweza kumchora.

"Panda," Kaaka akasema.

Siku nne mvua haikunyesha. Wiki ikapita. Jua lilikuwa jeupe na lenye kiburi, udongo ukaanza kutoa nyufa ndogo kama midomo ya mtu mwenye homa. Maharage yalikuwa yameshachomoza, kila mche na majani yake mawili, mazuri ya kuumiza. Siku ya tisa nilikwenda Nyamaizi peke yangu. Kile kichaka nilikipita bila kukiona. Sikuamkia, sikuwa na uso wa kuamkia. Nikahesabu ngazi. Sita. Nikahesabu tena kuanzia juu, nikidhani labda kutoka juu zitakuwa chache. Sita, na ya saba inachungulia.

Nilirudi nikapita kibanjani kwa Mama Odeta. Alikuwa amechuchumaa na kata ya maji, anamwagilia mche mmoja mmoja, shamba zima, maji ya kubeba kichwani kutoka kisimani. Hakuwa anaimba. Ukimya ule ndio ulioniondoa kule. Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia Mama Odeta akifanya kazi kimya.

Jumapili watu wakatoka makanisani, wa kwetu na wa Kilutheri, wakajikuta uwanjani kwetu bila kupangana. Miche ilikuwa imekwisha. Haikufa kwa fujo, iliinama tu, shamba baada ya shamba. Mzee Baltazari, jirani wa juu yetu, mtu mpole aliyemwomba samahani hata mbuzi wake kabla ya kumfunga, ndiye aliyesukumwa mbele.

"Waitu, mama," akasema, akitumia neno letu la heshima, kofia mkononi. "Hatukuja kwa ubaya. Tunauliza tu. Siku ile ulisikia nini?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilishajipanga. Nilikuwa na sentensi yangu tayari mdomoni, fupi, ya maneno manne. Nikavuta pumzi. Kaaka akanishika mkono, akaubana kwa vile vidole vyake vilivyopinda, akasimama yeye.

"Sikusikia kitu," akasema. "Sisikii tangu mwaka jana. Hata wewe, Baltazari, sasa hivi nakusoma midomo, na ungenyoa hayo masharubu ningekusoma vizuri zaidi. Masikio yangu yamekufa. Nilificha kwa sababu ya kupenda kuulizwa. Kosa ni langu."

Hakusema habari za mjukuu. Wala za vidole.

Mzee Baltazari akajigusa masharubu. Nikajua hapo ndipo anapopewa kona yake. Nilimwona akiisubiri, amesimama wima, kidevu juu.

Mama Odeta akatoka nyuma ya watu. Macho yalikuwa mekundu. "Tangu mwaka jana?" akauliza, akipanua midomo ili asomeke. "Kwa hiyo yote niliyokuwa nakusema wakati napalilia kibanja chako, hukuyasikia?"

"Nilikuwa naona mabega yako yanavyocheza," Kaaka akasema. "Nikajua nasemwa vizuri."

Mtu mmoja akacheka, kisha mwingine, kicheko cha watu waliochoka. Kaaka akaingia ndani akatoka na debe lake la mbegu za akiba, akalitua miguuni kwa Mama Odeta. Mama Odeta akakataa. Kaaka akajifanya hasikii. Mambo mengine uziwi ulimfaa sana.

Walipoondoka, nilikaa chini mbele yake. Nikainua vile vidole vinne, halafu nikavikunja vyote mpaka ikabaki ngumi. Sikuona hata moja.

"Nilijua," akasema. "Ulikuja na mabawa ya kumbikumbi kwenye sweta. Na sweta ni kavu. Nani amewahi kutoka Nyamaizi akarudi mkavu?"

Nililia. Nikamtamkia: kwa nini hukusema?

Akanivuta karibu. "Nilitaka vidole vile viwe vya kweli. Nilitaka sana. Unajua kutaka? Nikashika lile sweta kavu, nikaliambia limekauka njiani." Akanifuta pua kwa kona ya shuka yake. "Wewe umedanganya siku moja, na ulishiba kumbikumbi. Mimi nimedanganya kilima misimu mitatu, wala sikuonja hata mmoja."

Halafu akanikatia karanga mwezi mzima. Mapenzi ni mapenzi na adhabu ni adhabu.

Kona hawakumpa. Mvua zenyewe zilipokuja, Mzee Baltazari alisimama uwanjani akauliza, kwa midomo mipana, masharubu kayapunguza, kwamba kama masikio hayapo, je, siku ya kupanda itajulikanaje? Kaaka akawaeleza kile alichokuwa ananieleza mimi peke yangu. Na ndipo ulipoanza ule utaratibu ambao nyinyi mliosoma nami mnaukumbuka: kila mvua zikianza, Jumamosi, watoto wa kilima kizima tunapelekwa Nyamaizi, na majani yetu ya mgomba kichwani, na viazi vya kuchoma kwenye vifurushi. Kila mtoto anahesabu peke yake, anakatazwa kumwambia mwenzake. Tunarudi tumelowa chapachapa, na asiyelowa hasikilizwi. Tunapanga foleni mbele ya kigoda, mmoja mmoja tunainua vidole, na Kaaka anakagua vidole na nguo. Deo aliwahi kuinua kumi na moja kwa kuongeza kidole cha mguu. Alirudishwa.

Mama Odeta alipanda mara ya pili, akavuna, na akaendelea kumsema Kaaka shambani, ila sasa akimgeukia usoni ili asikose neno. Mimi nilipokua nikaingia kwenye biashara ya maharage hayo hayo. Nikinunua gunia nalipima mara mbili, na wauzaji wa Murongo wananiita majina. Waniite.

Juzi juzi nilikwenda Nyamaizi na wanangu, wamekuja likizo na viatu vyeupe. Walivibeba mikononi kama watoto wachanga. Mvua ilikuwa inanyunya, maji yameshuka meupe, harufu ni ile ile ya mawe baridi na majani mabichi, nikasimama ukingoni. Kijana wangu akaniambia, "Mama, sogea kidogo, unaziba." Nikasogea. Walipiga picha arobaini na kitu, wamegeuza migongo, maporomoko yako nyuma yao kama mtu aliyenyimwa kiti. Nikawauliza, mmeona ngazi ngapi? Wakatazamana. Ngazi zipi?

Siwalaumu. Ni wazuri, wana meno yote, wanajua mambo nisiyoyajua, na waliniletea sweta. Na mvua siku hizi hazihitaji mtoto wa kutumwa, ujumbe unaingia kwenye simu ya kila mtu kwa wakati mmoja, una herufi safi, hauna mabawa ya kumbikumbi. Msimu uliopita uliingia ukasema mvua za kutosha zimeanza, pandeni. Tukapanda, kilima kizima. Wiki ya pili jua likatoka jeupe na lenye kiburi, na miche ikainama.

Niliipiga ile namba iliyotuma. Haipokei, ni ya kutuma tu. Jumapili tukatoka makanisani, tukasimama njia panda, mimi na watu wangu, kofia mkononi wenye kofia. Kila mtu alikuwa na swali lake. Tukakaa pale muda mrefu tukitazamana, kwa sababu hatukujua twende uwanjani kwa nani.